Saba ya Kopa Aliyoichora Mama

Kaka yangu amenitumia kopo. Alilikabidhi kwa kondakta wa basi likiwa limeviringishwa kwenye kipande cha kanga, nami nikalipokea stendi kama mtu anayepokea dagaa. Ni kopo la maziwa ya unga, limeshika kutu mdomoni. Tangu tumzike Baba, Kaka amekuwa akisafisha nyumba chumba kwa chumba, na kila anachokiokota ananipigia simu: hiki nikitupe, au kuna anayekitaka? Kuhusu kopo hakuuliza. Nilipolifungua kwangu, harufu ya moshi, mafuta ya taa na uji wa muhogo uliokauka ilinipiga usoni, nikatafuta kiti.

Ndani mna karata. Wenzangu wa rika langu, ambao jioni zetu zilikuwa za kibatari na mkeka, mnazijua karata za namna hiyo: zimechezwa hadi pembe zimekatika, na migongo yote imekuwa rangi moja ya udongo. Hizi ni za nyumbani kwetu Ngara. Nilizishika mkono mmoja, nikapitisha kidole gumba pembeni mwake taratibu, mpaka kikakwama pale pale nilipojua kitakwama.

Kilikwama kwenye saba ya kopa. Saba ile niliitafuna mimi, wakati natambaa. Sikumbuki, lakini nimesimuliwa mara nyingi mno hata naona kama nakumbuka ladha yake. Baba alitaka kuzitupa karata zote, maana karata zikipungua moja si karata tena. Mama akakataa. Alibandua uso uliotafunwa, akabakiza mgongo, akakata kipande cha kasha la sabuni na kukigundisha kwa uji wa muhogo, kisha akaazima kalamu nyekundu kwa mwalimu jirani yetu akachora kopa saba. Sasa, Mama hakuwa mchezaji wa karata. Kopa pekee aliyoijua ni ule Moyo Mtakatifu uliotundikwa ukutani sebuleni, wenye miali ya moto juu. Basi kila kopa aliyoichora akaiwekea moto wake mdogo. Ukiitazama kwa mgongo huwezi kuitofautisha na nyingine. Ukiigeuza, inawaka mara saba.

Mama alifariki kabla sijamaliza kujifunza kusoma. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na mibuni, na watu wazima wakaniambia yale ambayo watu wazima huwaambia watoto: Mama hajaenda mbali, Mama anakuona, Mama yupo nawe. Mimi mtoto nikayachukua maneno hayo kama yalivyo. Kama yupo, nilijiambia, basi atanionyesha. Na akanionyesha, kwa saba ya kopa.

Jioni baada ya kula tulicheza karata sisi wanne: Baba na mimi upande mmoja, Bibi mzaa baba na Kaka upande wa pili, wawili wawili tukitazamana. Ulikuwa mchezo wa turufu, ambao saba ni karata kubwa, inapitwa na ree peke yake. Anayegawa alikuwa Baba siku zote. Mikono yangu ilikuwa midogo, ya Bibi ilikuwa ikitetemeka, na Kaka alishapigwa marufuku kugawa baada ya kukutwa na ree mbili chini ya goti. "Mwizi hapewi ufunguo," Baba alisema siku ile, na hukumu hiyo haikuwahi kufutwa.

Baba aligawa polepole, moja moja, na katikati ya kugawa lazima aulize, "Mbuzi wamefungwa?" Mbuzi walikuwa kazi yangu. Ningegeuka kuchungulia kwenye upenyo wa mlango, na ningejibu ndiyo, Baba, wamefungwa. Kila jioni aliuliza, na kila jioni nilishangaa mtu mzima anavyoweza kuwa na hofu ya mbuzi kiasi hicho. Kisha ningeokota karata zangu, na saba ya Mama ingekuwa humo. Si mara zote, lakini mara nyingi kuliko ilivyostahili. Bibi alikuwa akizitazama za kwake na kuguna. "Karata zangu mbovu kira siku. Huyu marehemu mkwe wangu anawapenderea nyie."

Nilimwamini Bibi kuliko katekista. Nikiipata saba nililala vizuri. Ikipita siku mbili bila kunijia, nilikosa raha, nikawa mtiifu kupita kiasi, nikichota maji bila kutumwa. Moyoni nilishajiwekea kwamba siku saba ile itakapoacha kunijia kabisa, ndipo Mama atakuwa ameondoka kweli. Sikumwambia mtu. Mambo kama hayo mtoto akiyasema yanaweza kutokea.

Ndipo yakatangazwa mashindano. Wafanyabiashara wa Biharamulo mjini walikuwa wameandaa shindano la karata la sikukuu, wawili wawili, aje yeyote kutoka wilaya yoyote ya mkoa, na zawadi ni baiskeli kwa kila mshindi. Baba alikuwa mchezaji anayejulikana vilabuni kote kwetu, lakini rafiki yake aliyezoea kucheza naye alikuwa ameoa karibuni mke asiyetaka kusikia habari za karata. Baba akafikiri siku kadhaa, kisha akasema mbele ya Bibi, "Nitakwenda na binti yangu."

Bibi aliweka chini ungo wa maharage. "Mtoto wa kike? Kwenye makarata ya wanaume wa mjini?"

"Mama, hebu niambie nani hapa ndani anacheza kumshinda."

Bibi akaurudia ungo wake, maana yeye ndiye aliyekuwa akifungwa kila jioni. Kaka alinuna juma zima.

Mtu angedhani nilifurahi. Tangu siku ile nilikuwa roho juu. Mama hajawahi kufika Biharamulo. Alizaliwa kilima cha pili kutoka kwetu na amelala nyuma ya nyumba yetu. Atanipataje kule, katikati ya watu asiowajua? Usiku nilikuwa nikijaribu kumwelekeza kimoyomoyo: unashuka barabara kuu, unapita pori, halafu sijui. Hapo ndipo nilipokuwa nakwama, kwa sababu mimi mwenyewe sikuijua njia. Nikaona dawa ni moja, niende na karata zetu. Zikiwapo, naye atakuwapo.

Asubuhi ya safari nililibeba kopo kifuani. Baba alilitazama. "Kule kuna karata zao," alisema. Nikasema najua. Hakunikataza.

Mashindano yalikuwa ukumbini karibu na soko, ukitoka nje unaliona boma la Wajerumani. Wanaume walijaa, wa mashambani kama Baba wakiwa na mashati ya Jumapili, wa mjini wakiwa na kanzu na kofia. Nilisema shikamoo mpaka ulimi ukachoka. Mwamuzi, mwalimu mstaafu mwenye filimbi asiyoihitaji, alitangaza kwamba tutachezea karata mpya za dukani. Zilinuka kama viatu vipya na zilikuwa zikiteleza. Zamu yetu ya kugawa ikifika, Baba ndiye aliyegawa, kama nyumbani, na mimi nililiweka kopo mapajani chini ya meza, mkono mmoja juu ya kifuniko.

Saba ya kopa haikunijia. Raundi ya kwanza haikuja, ya pili haikuja. Niliiona ikitupwa mezani na watu wengine, saba isiyo na moto, na kila ilipotupwa nilikibana zaidi kifuniko cha kopo. Tulikuwa tunashinda, tena vizuri. Baba alikuwa akikumbuka kila karata iliyopita, na mimi nilikuwa nimefundwa naye. Watu walianza kuja kusimama nyuma yangu wakinong'ona kwamba huyu mtoto hatari. Sikuwasikia sana. Nilikuwa nikiokota karata zangu kama mtu anayefungua barua ya hospitali, nikizipanua moja baada ya nyingine, na haimo.

Mchana Baba alininunulia chapati na chai, akidhani ni njaa. Tulikaa kwenye ngazi za ukumbi. Chapati ilikataa kushuka.

"Baba," nilisema, "Mama anapajua Biharamulo?"

Alinitazama. "Mbona unauliza hivyo?"

"Saba yake hainijii. Tangu asubuhi. Labda amepotea njia."

Baba akageuza uso upande wa boma, nami nikaanza kuogopa zaidi. Nilidhani na yeye ndiyo kwanza ameligundua jambo hilo. Hatimaye aliniwekea mkono kichwani. "Hizi ni karata za watu, mwanangu. Wewe cheza tu." Sauti yake haikuwa nzuri, na jambo hilo lilinikosesha amani mchana wote.

Jioni tukafika fainali. Waliokaa nasi walikuwa Mzee Shomari, mwenye duka la vitambaa, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na misafara, na mpwa wake, kijana mcheshi wa maneno mengi. Mzee Shomari alikuwa amekula chumvi nyingi. Alicheza bila kuinua macho, akizilaza karata mezani kama anayelaza mtoto. Tulifunga, wakafunga. Tukafunga tena, wakarudisha. Mwamuzi akatangaza kwamba sasa ni mchezo mmoja wa mwisho, na watu wakasogea mpaka mwanga ukapungua. Hapo yule mpwa, akisimama kujinyoosha, akapiga kikombe chake kwa kiwiko, na chai yote ya maziwa ikamwagikia karata.

Walijaribu kuzifuta. Zilishikana kama maandazi ya jana. Karata za meza nyingine zilishakusanywa hovyo na zikakutwa hazijatimia, na duka lilikuwa limefungwa kwa ajili ya sikukuu. Ndipo Mzee Shomari aliponyoosha kidole kuelekea mapajani kwangu.

"Huyu mjukuu wangu amekumbatia kopo tangu asubuhi. Mna nini humo?"

"Karata," nilisema, na moyo ukanienda mbio kwa furaha. Mama alikuwa amefika.

Baba alidakia haraka. "Hizo ni za nyumbani, mzee. Zimechakaa. Haziwafai watu."

"Na sisi si tumechakaa? Hebu lete."

Nilimpa. Alizihesabu, akazitazama migongo, akaridhika. Kisha akapitisha kidole gumba pembeni mwake, na kidole kikasimama. Akairudia tena sehemu ile ile. Aliinua macho kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama Baba.

"Humu kuna moja nene," alisema.

"Ni saba ya kopa," Baba akasema kwa sauti ya chini. "Iliharibika. Marehemu mama yake huyu ndiye aliyeitengeneza."

"Na nyumbani huwa anagawa nani?"

Baba akainamia meza. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Mzee Shomari alimtazama kwa kitambo, kisha akanitazama mimi, na sura yake ikabadilika kidogo, ikawa ya upole. Mimi sikuelewa kitu. Niliona tu kwamba Baba anaulizwa maswali kama mkosaji na sijui kosa lake.

"Basi tusigawe sisi wakubwa," Mzee Shomari akasema. "Mkono usioijua ndio ugawe. Agawe binti."

"Mjomba, huyu atazimwaga," mpwa wake alisema.

"Mbona wewe umemwaga chai na bado tuko nawe?" Watu wakacheka. Mzee akazichanga, Baba akazikata, zikaletwa mbele yangu.

Sikuwahi kugawa karata maishani. Nilizishika kwa mikono miwili, nikazibana kifuani, nikaanza kwa Mzee Shomari kuliani kwangu, kisha Baba mbele yangu, kisha yule mpwa kushoto, kisha mimi. Hofu yangu yote ilikuwa nisiidondoshe hata moja. Nilikuwa nikiisukuma kila karata kwa kidole gumba, kama nilivyomwona Baba akifanya. Mzunguko ukapita, na mwingine. Kisha, zamu ikiwa ya yule mpwa, kidole changu kikasimama.

Karata iliyokuwa juu ilikuwa nene. Ukingo wake ulikuwa laini kama kasha la sabuni. Sikuhitaji kuigeuza. Na wakati kidole kimesimama pale nikakiona, maana kidole kile nilikifahamu. Kilikuwa kimesimama vile vile kinavyosimama cha Baba kila jioni, katikati ya kugawa, kibatari kikimwangaza mkononi. Kinasimama, halafu anauliza habari za mbuzi.

Yote yalinijia mara moja, bila mtu kunieleza. Mpwa alikuwa zamu hii, mimi zamu inayofuata. Nikivuta karata ya chini yake nikampa yeye, ile nene ingebaki juu na kuja kwangu. Ingechukua muda wa kupepesa macho, au muda wa mtoto kugeuka kuchungulia mlangoni. Mbuzi wetu hawakuwahi kufunguka hata siku moja.

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameliona. Alikuwa akikiangalia kidole changu, na uso wake ulikuwa na woga ambao sikuuona tena mpaka siku alipokuwa akifa. Ningeweza kujivutia Mama kwa mkono wangu mwenyewe, lakini asingekuwa Mama tena, ingekuwa ni mimi. Jambo hilo lilikuwa wazi mno hata likaniuma kama nimepigwa. Hakuwa amepotea njia ya Biharamulo. Hakuwa amekuja hata Ngara, hata jioni moja, tangu tumzike.

"Gawa, mwanangu," Baba alisema polepole.

Nikampa yule mpwa saba ya Mama.

Niliendelea kugawa mpaka zikaisha, na sikudondosha hata moja. Nilicheza pia. Sijui nilichezaje. Najua kwamba karibu na mwisho nilitupa mfalme wa kopa, na yule mpwa akaipiga saba juu yake kwa kishindo, akala, na pointi zake ndizo zilizotufunga. Watu wakapiga kelele. Yeye akaiinua karata ile akaichungulia. "Hee, kopa zinaungua hizi."

Mzee Shomari aliichukua mkononi mwake. Aliitazama kwa muda, akaifuta tone la chai kwa pindo la kanzu, kisha hakuirudisha kwenye nyingine, akanipa mimi. "Mama yako alikuwa na mkono mzuri," alisema. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya wanaume wote wale, na wote wakadhani nalilia baiskeli.

Njia nzima ya kurudi nilimchukia Baba. Nasema nilimchukia kwa sababu sina neno jingine. Aliponifunika koti lake nililiacha lidondoke. Aliponiuliza kama nina kiu nikatazama nje. Nilikuwa nimemzika Mama mara ya pili, safari hii peke yangu, bila majirani na bila uji wa msiba, na aliyemuua mara hii, kwa akili yangu ya utoto, alikuwa ni Baba. Yeye hakujitetea. Hakujua nimeelewa kiasi gani, na hakuthubutu kuuliza. Nilimwona akijaribu kuanza kusema, mara mbili tatu, kisha anakohoa.

Nyumbani Bibi alitupokea kama tumeleta ushindi, Kaka akatuuliza baiskeli iko wapi kwa furaha isiyojificha. Kesho yake jioni, baada ya kula, mkeka ukatandikwa kama kawaida. Nilitaka kusema naumwa. Lakini Bibi alishakaa na kukunja miguu yake kwa shida, nikaona haya, nikakaa.

Baba akachanga. Akaanza kugawa. Nilimtazama mikono kwa makusudi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kidole chake kikasimama. Kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu. Alikaa tu na karata zile mkononi, mwanamume mkubwa anayejulikana vilabuni kote, ameinamisha kichwa, hajui aendelee vipi. Kaka alikuwa akijikuna. Bibi naye hakuguna. Alikuwa ameyakaza macho kwenye kibatari, ametulia kabisa, na nikatambua kwamba Bibi alijua, na kwamba miaka yote ile alikuwa akifungwa kwa hiari yake.

Hasira niliyokuwa nimeibeba kutoka Biharamulo sikuiona tena ilipo. Nilichokiona ni mtu ambaye jioni baada ya jioni alikuwa akimtafuta mkewe kwa kidole ndani ya karata chakavu, ampate, amlete kwangu.

"Baba," nilisema, "leo hujauliza mbuzi."

Aliinua uso. "Mbuzi wamefungwa?"

"Ngoja nikatazame."

Siku nyingine zote nilikuwa nachungulia tu kwenye upenyo. Siku ile niliinuka, nikafungua mlango, nikasimama kizingitini nikiwapa mgongo. Mbuzi walikuwapo wote, nimewafunga mwenyewe kwa mafundo mawili. Nikawahesabu hata hivyo. Nilipomaliza nikawahesabu tena, polepole, mpaka niliposikia nyuma yangu karata zimekwisha kugawiwa.